Mabango mawili ya sinema, yote yameandikwa daraja la 8, mbona hayafanani?

#1 Mkunjo_wa_Tatu (Dar)

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wa sita nakusanya mabango ya sinema. Nazungumzia yale ya karatasi yaliyokuwa yakibandikwa nje ya majumba ya sinema, si haya yanayochapishwa leo ya kupambia sebule. Mwezi uliopita nimepokea mawili kwa mpigo. Kaka yangu yuko Marekani, kaniletea yakiwa katikati ya makadibodi mawili. Ni bango lilelile moja, la filamu ya kung fu ya 1973, saizi ya Kimarekani ya inchi 27 kwa 41. Wauzaji ni wawili tofauti, na kila mmoja kaandika hali ya bango lake ni 8 kati ya 10.

Nimeyatandaza kwenye meza ya chakula. La kwanza tuliite A: nyekundu yake bado inawaka, mikunjo imelala, pambizo ni jeupe. La pili, B, lina makutano mawili ya mikunjo yaliyotoboka, moja linapitisha ncha ya penseli. Kona zote nne zina vitundu vya pini, na ya juu kushoto nimehesabu vitano. Nyuma kuna vipande vitatu vya selotepu vilivyogeuka rangi ya chai kavu, na kimojawapo kimeshapenya mbele kama doa la mafuta kwenye karatasi ya maandazi.

Sijaja kumshtaki mtu. Ninachouliza ni hiki: watu wawili waaminifu wanaweza kweli kutoa 8 kwa vitu hivi viwili? Humu ndani tunauziana na kubadilishana. Tukiambiana "8" halafu kila mtu ana 8 yake, tutagombana.

#2 Kipanga_Mwanza

Tupia picha mkuu.

#3 Mkunjo_wa_Tatu

Picha zipo hapo chini, ila uniamini mimi kuliko picha. Kwenye simu B linaonekana karibu sawa na A. Hata lile tundu halionekani, kwa sababu meza yangu ni ya rangi ya kahawia na mchoro pale katikati nao ni wa kahawia.

#4 MzeeSarafu

Umejijibu nusu. Muuzaji wa pili naye huenda alipiga picha juu ya meza kama yako, akatoa namba kwa kuangalia picha yake mwenyewe.

Mimi ni mtu wa sarafu. Huku kwetu kipimo ni cha 1 hadi 70, kilianza 1949 na Mmarekani aitwaye Sheldon, na zipo kampuni zinazopima sarafu na kuifungia ndani ya plastiki pamoja na namba yake. Wenzetu wa vitabu vya katuni walipata kampuni ya namna hiyo mwaka 2000, na kipimo chao kinaishia 10. Hao wamezoea kwamba namba inatolewa na mtu wa tatu asiyeuza wala kununua. Kwenye mabango, 8 kwa kawaida ni neno la anayeuza. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Jingine ni lugha. Wapo wanaoacha namba na kutumia maneno ya Kiingereza: Mint, Near Mint, Very Fine, Fine, Very Good, Good, Fair, Poor. Mswahili akisoma "Good" anaelewa nzuri. Kwenye mnada "Good" ni kitu kilichochakaa, kimebakiza hatua mbili kufika mkiani. Nimeona watu wazima wakilia kwa neno hilo moja.

#5 BintiMtwapa

Salamu kutoka Mombasa. Mie nakusanya ya filamu za Kihindi zaidi, lakini ya Kimarekani pia ninayo machache.

Naona wote mmeruka jambo la kwanza, mikunjo. Mabango ya Kimarekani ya zamani yalikunjwa kiwandani, vipande 16, yakatiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa majumba ya sinema. Hiyo si kasoro, ndivyo yalivyozaliwa. Muuzaji mmoja anaihesabu mikunjo kama kasoro, mwingine haihesabu. Hapo tu mshapishana daraja nzima.

#6 Fundi_Offset

Dada hapo pa 16 nakurekebisha. Ni vipande 8. Mikunjo mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Hesabu: nne mara mbili. Kwa hiyo makutano ni matatu tu, yote kwenye mstari wa katikati, na hapo ndipo karatasi inapokufa kwanza kwa sababu nyuzi zimevunjwa mara mbili. Mkuu wa uzi anaposema makutano mawili yametoboka, maana yake ni mawili kati ya matatu. Hilo ni jambo kubwa.

Kuanzia miaka ya 1980 hivi ndipo walipoacha kukunja wakawa wanaviringisha, na inchi 41 ikapungua kuwa 40. Bango la 1973 ambalo halijawahi kukunjwa lipo, lakini ni la kutafuta kwa tochi.

#7 BintiMtwapa

Asante fundi, ni 8 kweli. Nimelifungua langu sasa hivi nikahesabu.

#8 Mzee_wa_Malindi (Muscat)

Wanangu, nawasoma na roho yangu inacheza. Mimi ni mtoto wa Malindi ya Unguja. Nilipokuwa na miaka kumi na moja kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kushika ndoo ya gundi. Gundi yenyewe ni unga wa ngano umepikwa mpaka ukashika, kama uji mzito. Aliyekuwa akibandika alikuwa jirani yetu. Analipaka ubao kwanza, halafu analaza bango, halafu anapaka tena juu yake. Wiki ya pili bango jipya linabandikwa juu ya la zamani. Mvua ikinyesha, yanabanduka yote pamoja, gamba nene kama mkate wa ufuta.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema bango lina pini tano kwenye kona ni daraja la chini, mimi nauliza: pini tano ni Ijumaa ngapi? Bango ambalo halina pini hata moja halikuwahi kuita mtu sinema. Lilikaa ghalani.

#9 Kipanga_Mwanza

Shikamoo mzee. Post ya mwaka hii.

#10 Karatasi_Mbao (Dodoma)

Shikamoo Mzee wa Malindi. Mimi kazi yangu ni nyaraka, kwa hiyo nitaleta upande wa karatasi yenyewe, ambao naona namba za wauzaji haziugusi kabisa.

Mabango mengi yalichapwa kwenye karatasi ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa massa ya mbao, yaani mbao iliyosagwa kuwa rojo, ambayo bado ina lignini, kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa inageuka njano, halafu kahawia, na asidi inayozalishwa inakata nyuzi. Unaweza kuwa na bango lisilo na tundu wala mpasuko, rangi zote zipo, lakini ukilishika kona linakatika kama papadi. Je, hilo ni 8? Kwa macho ndiyo. Kwa vidole ni 4. Mimi ningemtaka kila anayetoa daraja aandike kwanza kama karatasi inapinda bila kulia.

Hapo pwani yenu kuna na adui wa pili. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda, ukungu unaamka, na vidoa vidogo vya rangi ya kutu vinaanza. Wadudu wanaokula wanga nao wanakuja kwa ile ile gundi ya ngano ya mzee. Mkunjo_wa_Tatu, tafadhali ondoa wazo kwamba hiyo selotepu ni uchafu wa nyuma tu. Gundi yake inaoza, inazama ndani ya nyuzi na kuifanya karatasi ipitishe mwanga. Lile doa la mafuta halitarudi nyuma, litakua. Na usijaribu kubandua kwa pasi wala petroli.

#11 Dukani_Kwangu

Nimesoma mpaka hapa, naona wauzaji tunapigwa tu. Ngoja niseme. Bango la miaka hamsini lililopitia sinema, likakaa kwenye stoo ya mtu, likanusurika na panya, huwezi kulipima kwa jicho la bango la mwaka jana. Ninapoandika 8 namaanisha 8 kwa umri wake. Wateja wangu wa muda mrefu wanalijua hilo.

#12 MzeeSarafu

"Kwa umri wake" ndiyo shimo lenyewe. Mteja wa muda mrefu anajua, wa leo je? Umri uko kwenye bei tayari, kwa sababu la zamani ni adimu. Ukiuweka tena kwenye daraja unamlipisha mtu mara mbili.

#13 Nyota_ya_Eastleigh

Na muuzaji wa A naye kama angetumia "kwa umri wake", angetoa 11 😄

#14 Dukani_Kwangu

Nyota acha utani. Kusema kweli huyo wa A alijipunja, au alijua kitu ambacho sisi hatujakiona.

#15 Sindano_Hamburg

Hodi. Ninafanya kazi kwenye karakana ya kurekebisha karatasi huku Ujerumani, na asilimia kubwa ya kinachonijia mezani ni mabango, kwa hiyo uzi huu ni wangu.

Niongeze jambo linalovuruga madaraja kuliko yote mliyotaja: ukarabati. Bango linaoshwa kwa maji, asidi inapunguzwa, halafu linabandikwa juu ya karatasi nyembamba ya Kijapani na kitambaa, kwa gundi ya wanga. Matundu yanajazwa massa ya karatasi, mikunjo inapakwa rangi. Likifanywa vizuri, gundi hiyo inayeyuka kwa maji na kazi yote inaweza kurudishwa nyuma. Likifanywa vibaya, yaani likapigwa pasi kwenye ubao kwa gundi ya joto, ndiyo basi tena.

Sasa bango lililoingia kwangu likiwa 3, likatoka likiwa linaonekana 9, utaliandika ngapi? Kuna wanaoandika hali ya sasa. Kuna wanaoandika hali ya kabla. Kuna wanaoandika zote mbili kwa mkwaju, 3/9, na hao ndio ninaowaheshimu. Na kuna wanaonyamaza.

#16 Kipanga_Mwanza

Kwa hiyo lililokarabatiwa halina thamani?

#17 Sindano_Hamburg

Sijasema hivyo. Mwaka 2012 kule Marekani yaliuzwa mabango 33 yaliyopatikana kwenye nyumba moja mji wa Berwick, Pennsylvania. Mengi yalikuwa ya 1930 na 1931, yamegandishwa moja juu ya jingine kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Ni gamba lilelile analolisema Mzee wa Malindi. Yaliachanishwa kwa mvuke, polepole, na mnadani yakaleta zaidi ya dola 500,000. Kwa kipimo cha pini na mikunjo yangekuwa takataka. Lakini baadhi yake hakuna aliyewahi kuyaona mengine ya aina hiyo. Watu hununua bango kwanza, hali baadaye.

#18 MzeeSarafu

Hapo tunachanganya mambo mawili. Bei ni bei. La filamu ya Metropolis ya 1927 liliuzwa dola 690,000 mwaka 2005, na yanayojulikana kubaki ni manne tu. Mtu anayelitaka hatauliza kona. Uzi huu ni wa hali. Hali inatakiwa isijue kabisa jina la filamu.

#19 Mzee_wa_Malindi

Mwanangu, macho yataachaje kujua jina la filamu?

#20 Mkunjo_wa_Tatu

Nimepata wazo kutokana na mabishano haya. Tufanye jaribio. Nitaandika kasoro zote za B bila kutaja filamu, kwa vipimo vya rula, na kila mtu anitumie namba yake faraghani bila kuona za wenzake. Za mbele leo, za nyuma kesho.

MBELE: matundu mawili kwenye makutano, milimita 4 na milimita 1. Pini 14 jumla, zote kwenye pambizo isipokuwa moja. Mpasuko wa sentimita 2 ukingo wa kulia, unaishia kabla ya mchoro. Nyekundu imepauka kidogo upande wa kushoto, kama liliegemea dirisha. Doa la mafuta sentimita 3 kwa 2, liko kwenye anga tupu, si kwenye sura ya mtu.

#21 Nyota_ya_Eastleigh

Imetumwa.

#22 Dukani_Kwangu

Na yangu.

#23 Mkunjo_wa_Tatu

Nimepata saba. Kwa mbele tu: 4, 5, 5.5, 6, 6, 7, 7.5. Baada ya kuongeza ya nyuma, yaani selotepu tatu, muhuri wa wino wa duara, na namba iliyoandikwa kwa penseli: 3.5, 4, 5.5, 6, 6, 6, 7.5. Majina siyataji. Wengine hawakubadilisha hata nukta baada ya kusikia ya nyuma. Hakuna aliyetoa 8.

#24 Dukani_Kwangu

Wa 7.5 ni mimi, sijifichi. Ya nyuma siyahesabu kwa sababu bango linatazamwa mbele. Ukilitundika ndani ya fremu, nyuma anaiona nani?

#25 Karatasi_Mbao

Nyuma ndiyo inayokuambia mbele itakuwaje baada ya miaka kumi. Wewe umempima mgonjwa kwa kuangalia shati.

#26 BintiMtwapa

Nami nilifanya jaribio langu kimyakimya tangu uzi uanze, leo ni wiki mbili. Nilichukua mabango yangu kumi, nikayapa namba, nikaandika kwenye daftari na kulifungia kabatini. Jana nikayapima tena bila kutazama daftari. Saba yamerudi palepale au nusu daraja. Matatu yamepanda daraja zima au zaidi. Na hayo matatu, wallahi, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Moja marehemu mamangu alilitunza chini ya godoro tangu harusi yake. Namba niliyolipa mara ya kwanza ilikuwa 4, jana nimelipa 5.5, na nilipokuwa nikiandika niliona ni haki kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuwasema wauzaji, mtu akijipima mwenyewe mara mbili hapati jibu moja.

#27 Fundi_Offset

Mara ya kwanza uliyapima saa ngapi, na wapi?

#28 BintiMtwapa

Barazani, baada ya alasiri. Jana ilikuwa usiku, sebuleni.

#29 Fundi_Offset

Basi usijilaumu kwa mapenzi, laumu balbu. Balbu ya njano inaficha njano. Karatasi iliyozeeka chini ya taa ya njano inaonekana nyeupe, na nyekundu iliyopauka inapata joto. Kwenye uchapaji hatukubali rangi ya mteja mpaka tuitoe chini ya taa nyeupe ya mchana. Na mwanga ukitoka juu, mikunjo inalala. Ukitoka pembeni, tochi imelazwa karibu na karatasi, kila mkunjo unasimama kama tuta la barabarani, hata ule uliopigwa pasi.

#30 BintiMtwapa

Yangekuwa ni balbu, si yote kumi yangepanda?

#31 Fundi_Offset

Inategemea yepi yana njano nyingi. Lile la mama limekaa chini ya godoro, litakuwa na njano kuliko mengine.

#32 BintiMtwapa

Hilo kweli. Lakini hayo mawili mengine ni meupe.

#33 Nyota_ya_Eastleigh

Naomba nichepuke kidogo. Je, yale mabango ya Ghana yaliyochorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga, yale ya sinema za video za kuzunguka vijijini miaka ya 1980 na 1990, nayo yanapimwa kwa 10? Maana yalishonwa kutoka magunia mawili, yakaviringishwa, yakafungwa juu ya gari, yakafunguliwa kijiji kinachofuata. Rangi imepasuka yote. Nimeyaona kwenye maonyesho na hakuna aliyelalamikia hali.

#34 Mzee_wa_Malindi

Hayo ndugu zangu wameyaelewa. Pale uchakavu ndio barua yake ya safari.

#35 Sindano_Hamburg

Mzee, kwa yale ya kuchorwa nakubaliana nawe, kila moja liko peke yake duniani. Lakini bango la kuchapwa lina ndugu zake elfu kadhaa. Daraja lipo ili mtu aliyeko Kigoma ajue ndugu yupi anayempata. Na kwa mabango ya Kihindi dada BintiMtwapa atatuambia, kuna tatizo jingine: filamu moja ilirudishwa sokoni tena na tena, bango likachapwa upya bila mwaka. La "hali nzuri ajabu" mara nyingi ni la toleo la baadaye.

#36 BintiMtwapa

Kabisa. Safi mno hunitia wasiwasi. Kwenye ya Kimarekani mna bahati, mengi yana tarakimu za mwaka pale chini kulia, na la marudio lina herufi R mbele.

#37 Karatasi_Mbao

Napendekeza utaratibu, watu waubomoe. Usianze na namba kabisa. Anza nyuma ya bango, kisha mbele. Mchana, kivulini, kisha tochi ya pembeni gizani. Pima kila tundu na mpasuko kwa rula, andika uko kwenye pambizo, kwenye maandishi au kwenye mchoro. Pindisha kona taratibu, andika kama karatasi ni laini au kavu. Andika kilichorekebishwa. Namba ije mwisho, na iwe mbili: hali ya karatasi, na mwonekano ukutani.

#38 Dukani_Kwangu

Nikiandika hayo yote kwa kila bango nitauza manne kwa mwaka.

#39 MzeeSarafu

Namba mbili zitageuka moja ndani ya wiki. Muuzaji atataja ile kubwa. Mimi nasema namba ifutwe, ibaki orodha ya kasoro.

#40 Nyota_ya_Eastleigh

Ikifutwa, anayetafuta mtandaoni atachujaje? Mabango mia tatu, asome insha mia tatu?

#41 Fundi_Offset

Niwarudishe kwenye #14. Dukani aliuliza muuzaji wa A alijua nini, na hakuna aliyejibu. Bango safi vile, mtu wa mnada angeandika 9 bila kupepesa. Yeye kaandika 8. Mkunjo_wa_Tatu, una ile taa ndogo ya zambarau wanayokagulia noti dukani? Zima taa zote, iwashe juu ya makutano matatu ya A. Kikiwepo kiraka cha karatasi mpya kitang'aa buluu, kwa sababu karatasi za kisasa zina dawa ya weupe.

#42 Sindano_Hamburg

Angalizo kwa fundi: dawa hiyo ilikuwa imeshaenea viwandani kabla ya 1973. Bango zima la mwaka huo linaweza kung'aa na likawa halali kabisa. Kung'aa peke yake si ushahidi. Tafuta tofauti, sehemu moja isiyolingana na majirani zake. Na rangi ya kuzibia inaweza kufanya kinyume, ikawa giza pale ambapo wino wa awali hauko hivyo.

#43 Fundi_Offset

Nimekubali, nimejifunza.

#44 Mkunjo_wa_Tatu

Nimeazima taa kwa mwenye duka la jirani. Nimefunga mapazia, nimezima hata friji maana ina taa ya kijani.

A lote ni kimya, zambarau iliyofifia. Makutano ya juu, kimya. Ya chini, kimya. Ya katikati kuna kitu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, buluu, kina kingo kama kisiwa kwenye ramani. Nimelaza tochi pembeni: ndani ya kisiwa mkunjo haupo. Unafika ukingoni, unapotea, unatokea upande wa pili. Nyuma nimepapasa kwa kidole, pana ulaini usiofanana. Tangu nilipolipokea nimekaa nalo nikiamini kwamba ndilo bora ninalomiliki. Limezibwa na mtu mwenye mkono mzuri sana.

Nimerudi kwenye tangazo la muuzaji. Kaandika "8", hakuna neno la ukarabati. B nimelimulika pia. Halina chochote. Matundu yake ni matundu.

#45 Dukani_Kwangu

Basi huyo alipunguza namba moja badala ya kusema. Mimi ningesema. Na A bado ni 8, kiraka cha ukucha hakilishushi.

#46 MzeeSarafu

A ni 6 mpaka aseme alichoziba. Kwenye sarafu ingekuwa haina daraja kabisa.

#47 Sindano_Hamburg

Usifanye haraka. Tundu la B la milimita 4 likizibwa vilevile, si litakuwa sawa na A? Basi A kabla ya kuzibwa lilikuwa bango safi lenye tundu moja. 7, na iandikwe.

#48 Mzee_wa_Malindi

Na ule muhuri wa duara nyuma ya B umesomeka?

#49 Mkunjo_wa_Tatu

Nusu yake uko chini ya selotepu, mzee. Chini ya taa ya zambarau zinatokea herufi tatu za mwisho na kitu kama tarehe. Sijaibandua. Sindano, nikileta kwako, unaweza kuitoa hiyo selotepu bila kuondoka na wino wa muhuri?

#50 Sindano_Hamburg

Niambie kwanza muhuri ni wino wa aina gani. Chovya ncha ya pamba kwenye maji, gusa pembeni kabisa ya duara, pale pasipo na herufi, kisha tazama pamba imebeba rangi au la. Gusa mara moja tu.